Mkaguzi wa Wanyama na Bakuli Lake

Mkaguzi wa wanyama hubisha hodi mara tatu hata geti likiwa wazi, nasi majirani tuliomwita husaga meno: mbwa anakufa, yeye anasubiri aambiwe karibu! Akikaribishwa huchuchumaa, hupima mnyororo kwa futi ya fundi cherehani, hupenyeza vidole viwili chini ya ukanda wa shingoni, huandika, hufuta, huandika tena. Leo mwenye mbwa alimwambia, “Amekunywa maji sasa hivi, bwana. Hawa majirani zangu wana maneno.” Hakubishana naye. Alitoa bakuli mkobani, akamimina maji, akatazama saa. Mbwa alikunywa bila kuinua kichwa. Bakuli la pili akalimaliza, la tatu vilevile, na mwenye mbwa akawa anatazama viatu vyake.

“Si umeona? Mchukue!” tukapiga kelele ng’ambo ya ua. Akatugeukia, akashusha pumzi. “Mmenipigia simu mara kumi na moja. Bila shahidi, kesho nitaamriwa nimrudishe. Nani anatia sahihi?” Shemeji yangu akakumbuka chungu jikoni, akaingia ndani. Mkaguzi akanyoosha daftari juu ya ua, mkono wa pili ukiwa kichwani kwa mbwa. “Mkono unauma, jirani,” akasema. Nikalipokea.