Taa ya Ndovu Isiyo na Jina

Hakuna kitu chenye waya kingeweza kunishangaza. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema, mwanangu, nilipokuwa na miaka thelathini na mbili. Niliacha shule darasa la sita, nikaanza kuuza betri za tochi steji ya Voi nikiwa nimezipanga juu ya boksi, na kwa umri huo nilikuwa tayari na duka la milango miwili. Redio ukinipa mkononi, uzito wake tu uliniambia kama ni orijino au feki. Na nilikuwa na kampuni moja niliyoipenda kupita kiasi. Niliiita kampuni yangu, ingawa wenyewe walinijua kwa namba ya wakala tu.

Asubuhi moja aliingia Mwadime, fundi wa redio kutoka Marungu. Tuliuza betri pamoja tukiwa vijana. Aliweka juu ya kaunta mkebe wa rangi uliotobolewa, una taa na paneli ndogo ya sola.

"Ni nini hii? Bomu?" nikamuuliza.

"Ni ya ndovu. Unazungusha kamba shambani. Akiigusa, taa inawaka na king'ora kinalia. Mwezi mzima hajakanyaga mahindi yangu. Niuzie."

"Haina jina, Mwadime. Mimi nauza orijino."

"Orijino ni nini?"

"Ni ya kampuni."

Akanitazama kwa huruma. "Hii hakuna aliyeitengeneza kabla yangu. Hizo zako ni za mwaka jana zimepakwa rangi. Ndugu yangu, wewe huuzi redio, unauza stika."

Wateja walicheka, na mimi sikupenda. Hata hivyo aliniachia mkebe ule nifikirie.

Mwezi huo alipita mtu wa mauzo wa kampuni yangu, mwenye tai. Nilitaka tucheke pamoja. Nikautoa mkebe, nikaufungua kwa bisibisi yangu mwenyewe, nikamwonyesha kila kitu ndani. Alipiga picha nyingi kwa simu. Nakumbuka nilicheka peke yangu.

Mwaka uliofuata zilikuja katoni mpya. Taa ya ndovu, rangi ya kijani, jina la kampuni mbele. Chini waliandika kwamba ina hataza, yaani karatasi ya serikali inayosema wazo hilo lina mwenyewe na mwingine asilitengeneze bila ruhusa. Niliziuza kwa majivuno. Niliwaambia watu wa Marungu watupe mikebe ya Mwadime, sasa orijino imefika.

Kisha Mwadime akaja na barua. Kampuni ilimwamuru aache kutengeneza taa zake, la sivyo ashtakiwe. Hakugomba. Alinunua moja ya zile za kijani, akalipa bei kamili bila kuomba nipunguze, akaifungua pale pale kaunta.

"Unauona waya huu? Unatoka hapa, unazunguka kote, unarudi hapa hapa. Hauna kazi. Mimi niliuzungusha kwa sababu ulikuwa mrefu na sikutaka kuukata." Akaufunika. "Wamechukua mpaka uvivu wangu. Nani aliwafungulia?"

Nikaanza kupanga upya betri ambazo tayari zilikuwa zimepangwa, na hilo lilimtosha.

Wakili alimwambia anahitaji mtu mmoja aliyeona mkebe kabla ya taa za kampuni, na anayejua wazo lilivyofika kwao. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nikitia sahihi ushahidi huo, uwakala umekwenda. Wiki tatu nilibishana na nafsi yangu: kwani wazo ni kitu? Linashikika? Utaibaje kisichoshikika? Huku mwenzangu amekaa nyumbani na vyombo vyake, marufuku kuunda alichokibuni.

Aliyenivunja ni mama yake Mwadime. Alishuka na gari la asubuhi, akaingia dukani, akakataa kiti.

"Mdogo wake amejenga nyumba, inamngoja atase," akasema. Kwetu kutasa ni kusema yaliyo moyoni mpaka yaishe, kisha kuchukua funda la kinywaji na kulipuliza nje ili baraka ipate njia. Kanisani wapo wasiopenda desturi hiyo. Mama yule alisali na kutasa pia. "Amekataa. Anasema hawezi kupuliza maji huku ameficha hasira."

"Mama, nisamehe."

"Sikuja kwa msamaha. Nimekuja kukuambia hasira yake ina haki. Ulimla mwenzako ili ucheke na mtu asiyejua hata jina la baba yako."

Siku hiyo hiyo nilikwenda kwa wakili, nikasema yote, nikatia sahihi. Kampuni iliondoa barua yake. Mwadime akarudi kwenye mikebe yake, na nyumba ya mdogo wake ikatasiwa. Aliniita niwepo. Alisimama mlangoni, akanitaja kwa jina mbele ya ukoo, akaeleza nilivyomfanyia, sehemu kwa sehemu, na mimi nimeinamisha kichwa. Alipomaliza akapuliza maji, akaja akaketi kando yangu.

Basi mwanangu, penda kampuni unayotaka, lakini usiitetee kuliko mtu unayemjua. Ukiona kitu hakina jina, uliza ni mikono ya nani iliyokiunda kabla hujakicheka. Alichokibuni mwenzako, usikifungue mbele ya wageni. Na ukikosea, usingoje wiki tatu kama mimi.

Mungu akupe mikono ya kuunda na macho ya kuwaona wanaounda. Rafiki yako asiwe na neno juu yako ambalo hajakuambia.

Uwakala wangu ulikwenda, na amana niliyoiweka kwa kampuni, na mzigo niliokwisha kuulipia uliokuwa njiani. Yote pamoja ilikuwa shilingi laki tatu, elfu themanini na nne, mia sita na hamsini.