Pipa la Bluu la Kishanda

Mama mkwe wangu alikataa maji yangu asubuhi moja ya mwezi wa kumi, akiwa amekaa kwenye mkeka wake karibu na mlango wa jikoni. Nilimpa kikombe kama kila siku. Akaonja, akayashikilia mdomoni kidogo, kisha akageuka pembeni akayatema kwenye migomba.

"Amaizi mabi," alisema. Maji mabaya.

Nilichukua kikombe, nikanusa, nikaonja. Sikusikia kitu. Nikamwambia, "Mama, haya ni maji ya mvua, hayajapita popote." Aliniangalia tu, akaomba nimsaidie kusimama.

Wakati huo nilikuwa na miezi mitano kijijini kwake, Kishanda. Mimi ni wa Kashai, Bukoba mjini, nimekulia nyuma ya duka la vyombo la baba yangu, na Kihaya changu ni cha mjini, kimejaa Kiswahili. Mume wangu ni mwalimu Kahororo. Huko ndiko tulikokuwa tukiishi na binti zetu wawili mpaka mama yake alipoteleza akavunjika nyonga. Tulimsihi ahamie kwetu, akakataa katakata kuacha kibanja chake, maana mumewe amezikwa humo humo kwenye migomba. Basi tukakubaliana niende mimi kumuuguza. Mume wangu angebaki na watoto kwa ajili ya shule, angekuwa anakuja mwisho wa mwezi. Tulisema ni kwa muda mfupi.

Sikujua kwamba kibanja kinaweza kumficha mtu kiasi kile. Migomba imeizunguka nyumba mpaka dirishani. Unamsikia jirani akikohoa, akiita mbuzi wake, akicheka na mtu, lakini humwoni. Mchana mzima nilikuwa nasikia watu na sioni mtu. Jioni nilipiga simu Kahororo, mabinti wakaongea wote wawili kwa pamoja, kisha wakakumbuka kazi zao za shule, simu ikakatika.

Maji tulichota kwenye chemchemi ya bondeni. Njia yake ni ya mteremko mkali, na mvua zilipoanza nilianguka na ndoo mara mbili. Mara ya pili nilikaa pale pale kwenye tope nikalia kidogo. Siku ya gulio nikaenda Muleba mjini, nikamkuta mzee mmoja kando ya barabara anauza mapipa ya plastiki yaliyokwisha kutumika. Nilichagua la bluu, kubwa, lenye mfuniko wa kukaza.

"Lilikuwa na nini?" nilimuuliza.

"Sharubati, dada. Ile nzito ya viwandani. Lioshe tu."

Lilikuja Kishanda limefungwa nyuma ya bodaboda. Nililiosha kwa sabuni ya unga, kwa mchanga, kwa maji ya moto, nikalianika juani siku mbili. Lilikuwa na harufu kama ya rangi mpya, nikadhani ndiyo plastiki yenyewe. Fundi akanifungia mfereji wa bati na koki chini. Lilipojaa mara ya kwanza nililipiga picha nikamtumia mume wangu, naye akanirudishia kidole gumba. Nilijivunia lile pipa. Lilikuwa kitu cha kwanza pale nyumbani ambacho ni mimi niliyekileta.

Tangu siku hiyo nilipikia maji yake kila kitu: ndizi, maharage, uji wa mama. Mimi mwenyewe sipendi maji matupu, hunywa chai tangu asubuhi mpaka jioni, chai ya tangawizi na mchaichai, na nadhani ndiyo sababu sikusikia ladha. Mama alikuwa mtu wa maji baridi. Kuku wawili waliokuwa wakinywa kwenye beseni chini ya koki walikufa wiki moja, tukasema ni kideri. Kichwa kiliniuma karibu kila siku, nikasema ni mawazo.

Baada ya asubuhi ile mama hakunywa tena maji yangu. Uji aliula vijiko viwili, akasukuma bakuli. Alianza kukonda usoni. Siku moja nikiwa shambani nilimsikia akimwita jirani yetu, mama mmoja mjane ambaye kibanja chake kinapakana na chetu, akimwomba amletee maji ya chemchemi. Jirani alikuja na kidumu kichwani. Akaliangalia pipa limejaa pomoni, akaniangalia na mimi, akauliza kwa upole kabisa, "Kwani haya yana nini, waitu, mwenzangu?"

"Mama hayataki tu," nilisema.

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa jambo zito kuliko nililolisema.

Sikuelewa mpaka Alhamisi moja zamu ya ibada ilipofika nyumbani kwetu. Sisi ni Walutheri, na kinamama wa mtaa ule husali nyumba kwa nyumba. Niliamka mapema nikachemsha chai ya maziwa, nikakaanga maandazi, nikachemsha karanga, na akamwani nikaziweka kwenye kikapu kidogo, zile kahawa za kutafuna ambazo huku mgeni hapewi kiti bila kupewa. Walikuja kumi na mmoja. Waliimba vizuri, wakamwombea mama. Nilipomimina chai, wa kwanza akasema amefunga. Wa pili akasema ametoka kunywa sasa hivi. Waliobaki walipokea vikombe, wakavishika mikononi wakiongea habari za mnyauko wa migomba, kisha wakaviweka chini vimejaa. Hakuna aliyechukua hata kahawa moja. Waliaga kwa heshima zote.

Nilibaki na vikombe tisa vya chai inayoshika utando. Nilivimwaga kimoja kimoja kwenye mashina ya migomba, na nilipofika cha tano nikaelewa. Kwetu mtu hatamki kwamba anakushuku una sumu. Anaacha tu kula kwako.

Wiki mbili baadaye kulikuwa na msiba mtaa wa pili. Nilikwenda na kisu changu, nikakaa pamoja na wanawake waliokuwa wakimenya ndizi. Nilikuwa nimemenya mbili. Mama mmoja mtu mzima akainama, akakitoa kisu mkononi mwangu taratibu kama mtu anayemchukulia mtoto kitu chenye makali.

"Wewe mke wa mwalimu kakae na wageni," alisema. "Hapa utachafuka."

Nikaenda kukaa na wageni. Nilikaa mpaka mazishi yakaisha na sikumbuki hata mahubiri yalihusu nini.

Nilimweleza mume wangu kwenye simu. Akasema, "Mama amezeeka. Na watu wa kule unawajua. Vumilia." Mwisho wa mwezi alikuja na katoni ya maji ya chupa. Alisema ni ya mama. Lakini tulipokula mchana niliona amefungua chupa, akajimiminia na yeye. Hakuninyima, alinisogezea na mimi. Nikasema nina chai yangu. Hatukuongea juu ya ile chupa wakati huo, na usiku alilala akanigeuzia mgongo, au mimi ndiye niliyemgeuzia.

Nilianza kumchukia mama. Naandika hivi kwa sababu ni kweli. Nilimwogesha, nikamgeuza kitandani, nikamkanda nyonga, na muda wote nilikuwa nikimwambia moyoni: nimeacha watoto wangu kwa ajili yako, na wewe umeniita mchawi. Nililia nikipepeta maharage, nikayaosha kwa maji ya koki, nikayapika. Niliyala peke yangu.

Mwezi wa kwanza bwana shamba alipita akikagua mnyauko. Alikuwa kijana mstaarabu, mwenye buti za mpira. Alikata migomba mitatu iliyougua, mikono ikajaa utomvu, akaomba maji ya kunawa. Nilimwonyesha koki. Alinawa nusu, akasimama. Akaliinamia pipa, akalizunguka, akapitisha kidole kwenye maandishi yaliyochongwa chini kwenye plastiki, ambayo mimi niliyaona siku zote nikadhani ni namba za kiwanda.

"Mama, hili pipa umelipata wapi?"

"Muleba. Lilikuwa la sharubati."

"Aliyekuambia sharubati hakujua, au alijua." Aliifungua koki, akaacha maji yatiririke chini. "Hili ni la dawa. Dawa ya kuulia wadudu, ile kali ya mashamba makubwa. Mapipa yake yamekatazwa hata kuuzwa. Mnakunywa?"

Nilisema tunakunywa.

"Tangu lini?"

Nilihesabu kwa vidole kama mtoto. Miezi minne.

"Lakini nililiosha," nilisema. "Kwa mchanga. Kwa maji ya moto."

"Haitoki kwa kuosha, mama. Plastiki inainywa dawa, halafu inaitoa kidogo kidogo." Akaniomba shoka. Tulilimwaga mbali, kwenye shimo la takataka, kisha akalipasua chini na ubavuni ili mtu asije akaliokota akalitumia tena.

Alipoondoka nilikaa kwenye mawe ya jikoni. Hofu ya kwanza haikuwa ya ugonjwa, na hilo bado linanitia haya. Niliogopa kwamba sasa majirani walikuwa na haki ya kunishuku. Mkwe kutoka mjini alikuwa akimpa mama mkwe sumu, na pipa lenyewe liko pale limepasuliwa. Ningeweza kunyamaza. Bwana shamba alikuwa ameshaelekea kata nyingine, na pipa lililopasuka ni pipa lililopasuka.

Niliingia ndani. Mama alikuwa ameegemea mto, ameshasikia shoka. Nilipiga magoti karibu na kitanda nikamweleza yote kwa Kiswahili, maana Kihaya kilinitoroka. Nilimwambia kuhusu yule mzee wa Muleba, harufu ya rangi, kuku. Nilimwambia, "Mama, ulisema kweli. Nilikuwa nakupa sumu, na sikujua. Ulipowaambia watu kwamba nakuwekea sumu, ulisema kweli."

Alinitazama kwa mshangao. "Nani aliwaambia?"

"Wewe. Jirani alisikia."

"Mimi nilisema maji," alisema. "Sikusema wewe." Akautafuta mkono wangu kwenye blanketi. "Kama ni wewe ningekataa na ndizi. Ningekuachaje uniogeshe?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Nilisema maji mabaya. Ukaonja ukasema ya mvua. Nikaona umechoka, sikutaka kukusumbua zaidi."

Miezi yote ile tulikuwa watu wawili katika nyumba moja, kila mmoja akidhani anamstahi mwenzake.

Alhamisi iliyofuata ibada ilikuwa kwa yule jirani mjane. Matangazo yalipofika nilisimama. Nilisema nilichonunua, nilipokinunua, na kilichokuwemo. Nilisema kwamba tulikunywa na kupikia, mimi na mama, na kwamba ninyi mliokuja kwangu mkaacha chai, Mungu aliwasaidia, nawashukuru. Sikusema kwa kejeli, ingawa huenda ilisikika hivyo. Halafu mwanamke mmoja kijana, mwenye mtoto mgongoni, akauliza, "La bluu? Lenye mfuniko wa kukaza?" Akanyanyuka kabla ya sala ya mwisho, na wengine wawili wakamfuata. Baadaye nilisikia kwamba lake alikuwa akilitumia kuloweka mihogo.

Nilirudi Muleba kumtafuta yule mzee. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana hadharani. Alinisikiliza akiwa amesimama kati ya mapipa yake, na nilipomaliza aliniuliza kwa sauti ndogo kama maandishi yale yako chini au ubavuni. Hakujua kusoma. Nilimwonyesha. Alianza kuyapindua moja moja, na la nne lilikuwa nayo. Akasema, "La nyumbani kwangu sijawahi kulipindua." Akakaa chini kwenye vumbi. Sikumtukana. Bwana shamba nilimpigia simu nikamwelekeza mahali alipo.

Mume wangu alikuja kabla ya mwisho wa mwezi, akatuchukua wote wawili mpaka hospitali ya Bukoba. Daktari alitupima damu, akatuuliza maswali mengi, akasema wazi kwamba hapo hawana kipimo cha kitu kile, na kwamba cha muhimu ni kuwa tumeacha. Njiani kurudi mume wangu alisema ghafla, "Ile katoni ya maji. Nilikuwa mjinga." Nikasema ndiyo.

Kichwa kiliacha kuniuma ndani ya mwezi mmoja. Mama alianza kula tena, ingawa hakurudisha mwili wake wa zamani, na hatutajua kamwe ni nyonga, ni umri, au ni maji yangu. Jirani alikuja siku moja na mkungu wa ndizi, akaketi, akaomba chai mwenyewe. Alikinywa kikombe kizima bila kupumzika, mpaka nikaogopa ataungua. Hakuomba radhi kwa maneno, na mimi sikumdai.

Sasa nimerudi Kahororo. Wifi yangu mkubwa amestaafu na anakaa na mama. Maisha yangu ni ya kawaida, yana kelele za mabinti na foleni ya bafu asubuhi. Lakini wageni wanapokuja nikawapa kitu, siwezi kuondoka chumbani mpaka nimeona wamekunywa. Mume wangu ananiita niketi, nami nasema nakuja, huku nimesimama na sinia mlangoni, naangalia vikombe.