Sauti ya Baba kwenye Kioo cha Pikapu

Mimi nilikuwa nasema hadharani, baa na hata uani kanisani, kwamba hakuna kitu duniani kitakachonishangaza, maana mtu aliyeishia darasa la nne, akaanza kwa kutembeza mitumba begani Kaloleni, leo ana duka la vifaa vya ujenzi na nyumba ya vigae Moshono, huyo atashangazwa na nini? Basi nilishangazwa, ndugu zangu, mbele ya ukoo mzima na mchungaji, na aibu yenyewe hadi leo ikinijia nikiwa peke yangu dukani najikuta nimefumba macho.

Ilikuwa miaka ile soko limefunguliwa, mitumba ya kila aina inaingia, hadi kompyuta za mitumba, nami nikanunua moja, ya kwanza mtaani kwetu (mke wangu aliifunika kitambaa cha kufuma, na wageni wakifika nilikifunua taratibu kama mtu anayefunua sinia la pilau). Sikujua kuitumia sana, lakini nilikuwa na kazi moja nayo. Kabla Baba hajafariki, dada yangu Elirehema alimrekodi kwenye kaseti, saa nzima, akitutaja watoto na wajukuu mmoja mmoja na kutubariki. Kaseti ilikuwa hiyo hiyo moja. Dada akanikabidhi mimi niitunze, "maana wewe, kaka, nyumba yako haivuji."

Nikamwita Fundi Sadiki wa Kaloleni, akaunganisha redio na kompyuta kwa waya, sauti ikaingia yote. Akasema, "Sasa bosi, tutengeneze CD mbili. Moja ikae hapa, nyingine kwa dada yako, na zote tuzijaribu tuone kama zinasoma. Na kaseti uifungie kabatini."

Mimi niambiwe cha kufanya nyumbani mwangu na mtu niliyemwita mwenyewe! Nikamwambia CD moja inatosha, halafu ndani ya kompyuta aniwekee nakala kumi, na majina nikampa, Baba wa Kwanza mpaka Baba wa Kumi.

Fundi akacheka. "Bosi, hayo ni magunia kumi kwenye ghala moja. Likiungua je?"

"Ghala langu haliungui," nikamjibu.

Ile CD nayo, badala ya kuiweka mahali pa maana, niliitundika kwa uzi mwekundu kwenye kioo cha ndani cha pikapu, kwa sababu iling'aa, na kila niliyempa lifti akiuliza hiki nini, nilipata nafasi ya kujibu, "Hiyo ni sauti ya marehemu baba yangu." Ikapigwa jua miezi minane, huku ikijigonga kiooni. Na kaseti (hapa naomba msinitazame usoni) niliona haina kazi tena, Baba si yumo kwenye kompyuta mara kumi? Jumamosi moja nikataka kurekodi mpira wa redioni, kaseti tupu sina, nikaichukua ile, kisha ikabaki kwenye pikapu.

Mwaka ulipotimia tukapanga ibada ya shukrani na kusimika msalaba kaburini, kijijini kwetu, njia ya Momela. Mama alikuwa ameshapoteza macho. Wiki nzima alimuuliza kila aliyeingia kwake, "Kweli nitamsikia?" Nami nikamwambia, "Mama, utamsikia mpaka uchoke."

Nikapakia kompyuta nyuma ya pikapu pamoja na jenereta, na kwa kuwa nilichelewa (nilisimama mara tatu njiani kuwaonyesha watu nilichobeba), nikakimbiza gari kwenye yale mawe, kompyuta inaruka huko nyuma kama mbuzi.

Chini ya turubai watu wamejaa, loshoro ya mahindi na maziwa mgando inapoa kwenye masufuria, Mama amekaa mbele na kanga mpya. Nikashika kipaza sauti. "Ndugu zangu, leo marehemu atasema!" Mchungaji akakohoa. Nikawasha. Kompyuta ikatoa tiki, tiki, tiki, kioo cheusi, tiki, tiki.

Mjomba Anaeli akasema kwa sauti, "Huyo ndiye shemeji yangu? Mbona amekuwa kuku anadonoa bati?"

Watu wakacheka. Nikakimbilia CD kwenye kioo cha pikapu, nikakata uzi kwa meno, nikaiingiza kwenye mashine ya CD ya kwaya, ikazunguka, ikatapikwa. Nikaipangusa kwa tai. Ikatapikwa tena.

Ndipo nikamwona dada anatoka kwenye pikapu mbio, mkononi ana kaseti, juu yake mwandiko wake mwenyewe, "Baba". "Kaka, si hii hapa! Unatuhangaisha bure!" Kabla sijasema acha, alishafika kwenye redio. Akaiweka redioni, akasogeza kipaza sauti. Mama akainua mkono, watu wote kimya.

"Anaambaa nayo pembeni, anapiga... gooooo!"

Safari hii hakucheka mtu. Mama akasema polepole, "Huyo siye. Labda yuko mbele. Iacheni iende."

Tukaiacha iende. Nani angeizima? Upande wa kwanza ukaisha, dada akaigeuza, upande wa pili ukawa kipindi cha pili. Ukoo mzima, na mchungaji, tulisikiliza mpira hadi mwisho, kwa sababu Mama alikuwa bado anamsubiri mume wake.

Diski ya ndani ya kompyuta niliipeleka Nairobi, Fundi Sadiki alipata mtu huko. Nakala zote kumi zilikuwa zimekwaruzwa pamoja, kama fundi alivyosema. Kilichopatikana ni sekunde kumi na moja za mwanzo, kabla ya baraka yoyote, Baba anakohoa halafu anamuuliza Mama, "Hivi hii mashine inanisikia kweli?"

Mama alipoisikia akajibu, "Inakusikia," na akaomba irudiwe.

Siku hizi nakala moja iko kwangu kabatini, moja kwa dada, moja kwa Fundi Sadiki, na kila mwezi nazijaribu zote, na nikiambiwa jambo na fundi nanyamaza kwanza. Nauli ya Nairobi, malipo ya yule mtaalamu, na CD tatu, kwa sekunde kumi na moja: shilingi laki nne, elfu kumi na saba na mia tano.