Ng'ombe Niliowaita Bure

Nimekana kwa miaka thelathini na mitano. Nimekana mbele ya mama, nimekana mbele ya padri kwenye kitubio (pale nilikana kwa kunyamaza, ambayo ni njia ya watoto wenye akili), nimekana mbele ya kaka zangu wanne kila tulipokusanyika Noeli na mmoja wao akaanza kucheka kabla hata hajaanza kusimulia, na sasa kwa kuwa nywele zimekuwa za majivu na wanafunzi wananiita Mama Profesa kwa heshima nisiyoistahili, nakiri: sauti iliyotoka katika sanduku la Mmarekani na kuteremsha ng'ombe thelathini na saba juu ya meza za wakubwa haikuwa ya Papa, baba yangu. Ilikuwa yangu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na kichwa changu kilikuwa ndani ya chombo cha maziwa.

Tulikaa Kibabi, katika Masisi, miaka ile ya hamsini, juu kabisa, ambako asubuhi ukungu hukaa chini yako na ng'ombe wa jirani wanaonekana hawana miguu. Papa yangu, Papa Kabera, alikuwa mfugaji wa maneno machache, na kwa kuwa yalikuwa machache watu waliyaamini yote. Misioni ilikuwa imejenga nyumba ya kukusanyia maziwa ya wafugaji wote wa upande wetu, na siku ya kuifungua angechaguliwa mjumbe, mtu wa kusimama mlangoni kila asubuhi na kusema maziwa haya ni mazuri, haya yametiwa maji, na mtu asibishe. Kila mmoja alijua atakuwa Papa. Papa mwenyewe alijua pia, maana alikuwa amekwisha nunua kofia.

Hapo ndipo alipofika Mmarekani. Dada yake alikuwa muuguzi wa misioni, naye alikuja kumtembelea akitokea Walikale, ambako alikuwa amekaa wiki tatu porini na mashine ya kunasa sauti, nzito kama ndama aliyekataa kutembea. Aliyeibeba mashine hiyo, na kuendesha gari, na kutafsiri, alikuwa Kaka Yosefu, mtu wa Walikale, mwenye ulimi usiopumzika. Mmarekani huyo sisi tulimwita Bwana Masauti, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Kwao watu walimlipa ili asikike.

Alinisimulia maisha yake akiwa amekaa juu ya jiwe nyuma ya shule, kwa Kiswahili alichookota njiani (kilikuwa na maneno ya porini, ya kanisani na ya gereji, yote katika sentensi moja). Alizaliwa shambani, katikati ya mahindi, baba yake akiwa na ng'ombe kumi na wawili wa maziwa. Alikuwa wa mwisho kati ya watoto saba, na mezani hakuna aliyemsikia akiomba nyama, mpaka siku aliyoiomba kwa sauti ya nyanya yake, ambaye alikuwa anaogopwa, na sahani nzima ikamjia. Alipokuwa kijana alikwenda mjini kuuza viatu, akawa anavisemesha: kiatu cha kulia kinamsengenya cha kushoto, na wateja wanarudi kusikia ugomvi umefikia wapi. Mtu wa redio akapita, akasikia. Huko redioni akawa, katika hadithi moja, mzee, mke wa mzee, jaji wa kuwaamua na mbwa wao. Kisha ikaja televisheni, ambayo alinieleza kuwa ni redio yenye dirisha. Walimweka dirishani mara moja, akamfungulia tajiri mlango na kusema “Karibu, bwana,” na kesho yake mkubwa wake akamwandikia kwamba ana sauti nzuri sana. Mimi nilicheka. Yeye hakucheka sana. Basi wakamrudisha nyuma ya pazia, awe dubu, awe farasi, siku nyingine birika la chai.

“Uso yangu iko mwaminifu, haiwezi kuwa mutu mwingine,” aliniambia. “Sauti yangu njo mwongo.” (Njo, kwetu, ni ndiyo.)

Kitu alichokitamani kuliko vyote ni mwito wa Papa. Alikuwa ameusikia jioni moja ukivuka bonde, na tangu siku hiyo alikuwa kama mtu aliyepita nyumba wanapokaanga nyama. Basi Jumapili, baada ya misa, mbele ya watu wote, akamwendea.

“Papa Kabera, unipe ile ya kuita ng'ombe. Moja tu.”

“Na wakikuja?”

“Hawatakuja. Itakuwa ndani ya sanduku.”

“Njo ubaya yenyewe,” Papa akasema. “Sisi hatuiti ng'ombe bure. Ukiita, unasimama na chumvi mukononi, unawapokea. Siku ile sanduku itaita, nani atapokea?”

Kaka Yosefu akapiga mikono. “Ee Papa! Sisi watu ya pori tulimupa vyote! Kengele ya imbwa ya kuwinda, ngoma, mpaka kikohozi ya papa yangu iko mule ndani! Ninyi watu ya ng'ombe munanyima hata kelele?”

“Kikohozi haina miguu,” Papa akajibu.

Watu walicheka hadi mama mmoja akakaa chini, na Papa akamalizia, bila kupandisha sauti, kwamba mwito wa Kabera hautaingia mule. “Nimesema.” Akasema mbele ya kanisa zima, na ninawaomba mkumbuke hilo.

Sasa, mimi nilikuwa na siri. Nilikuwa na sauti ya Papa. Niliigundua kwa bahati, nikiosha cansi, kile chombo chetu cha mti cha kukamulia: ukiingiza uso ndani yake na kusema kutoka tumboni, sauti inatoka nzito, ya kiume, yenye masharubu. Niliitumia kuwatoa kaka zangu kitandani, walikuwa wanaruka kama vyura. (Kuingiza uso katika cansi ni aibu kubwa, chombo cha maziwa kinaheshimiwa kuliko wageni wengi, lakini mtu akishagundua kipaji chake heshima inarudi nyuma kidogo.) Nilipomwona Bwana Masauti anafunga mizigo na uso wa huzuni, nilifikiria hivi: Papa amekwenda kijiji cha Kingi kuona dume, ng'ombe wako kilima cha mbali, mwito ukiitwa leo hautasikika na yeyote, na huyu maskini ataondoka na furaha. Kwa kifupi nilifikiria kama mtu mzima, ndiyo maana mambo yaliharibika.

Nikamwambia: “Papa amekubali. Lakini anaona haya. Ataita akiwa ndani ya uzio, usimuangalie.”

Akaja mbio, akasimamisha kipaza sauti chake nje ya uzio wa matete. Mimi nikajifungia ndani, nikainua cansi, nikaita. Mwito wetu unaanzia chini, unapanda polepole, unakatika ghafla kama mtu aliyekumbuka kitu, halafu yanafuata majina. Niliita majina yote, nikianza na Bihogo, ng'ombe mzee aliyekuwa anatangulia wenzake. Nilipomaliza, nikasikia nje mtu anapenga kamasi.

“Asante, Papa,” akasema kwa sauti iliyovunjika.

Na mimi, kutoka ndani ya chombo, nikajibu: “Mm.”

(Sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile “Mm”, hata tasnifu yangu.)

Siku ya kufungua nyumba ya maziwa zilipangwa meza ndefu zenye vitambaa vyeupe vya masista, wali, maua, mitungi ya maziwa iliyopangwa kama wanafunzi. Bwana administratere, mkubwa wa serikali, alikuja na nguo nyeupe na kipara kilichong'aa. Papa alikaa mbele na kofia yake mpya magotini. Mimi nilikuwa mstari wa kwanza wa kwaya. Na Bwana Masauti, ambaye kumbe aliahirisha safari ili awaage watu kwa zawadi, alikuwa amefunga spika juu ya gari, mdomo wake ukitazama kilima, na kwenye kilima kile, siku ile (mtanisamehe, sikuwa nimeulizwa), walikuwa wanalishwa ng'ombe wetu.

Akaanza na kengele za mbwa wa Walikale, mbwa wote wa Kibabi wakapata wazimu. Akaleta chafya ya padri, watu wakacheka, padri mwenyewe akasema si yake. Halafu Bwana Masauti akashika kipaza sauti, akaweka mkono kifuani.

“Sasa, asante kubwa kwa Papa Kabera. Alikataa mbele ya watu, lakini ni mutu wa moyo muzuri. Kwa siri, alinipa.”

Vichwa vyote vikageuka. Papa akafungua mdomo, na kabla hajatoa neno sauti yake ikatoka juu ya gari, kubwa kuliko aliyowahi kuwa nayo, ikajaza bonde.

Kilimani mikia ilisimama kwanza. Halafu wakashuka. Ng'ombe walioitwa kwa chakula cha chumvi hawatembei, jamani, na hawa walipita kati ya kwaya, wakapita kwenye mitungi, na walipofika mezani wakafanya kile wanachofanya kila siku wakiitwa: wakaanza kutafuta mikono yenye chumvi. Walilamba mikono ya masista. Mmoja aliinua kitambaa kwa pembe akazunguka nacho kama bibi harusi. Mwingine, namkumbuka kwa jina lakini nalificha, alilamba kipara cha bwana administratere taratibu, kuanzia shingoni. Padri akapanda garini, akamkuta Kaka Yosefu amelala juu ya mashine kwa kucheka, hawezi kuizima, na sauti inaendelea kuita, inaita majina, maziwa ya wafugaji wote yanakwenda bondeni kama mto.

Ilipozimika, Papa akasema: “Sikuita.”

“Papa, tumesikia na masikio yetu!”

“Haikuwa miye.”

“Basi ni nani, sanduku?”

Na Bwana Masauti, uso wake mwaminifu ukiwa mwekundu: “Lakini Papa... ulinijibu ‘Mm’.”

Papa akamtazama. Kisha akatazama kilima, muda mrefu. Mimi nilidhani anamwomba Mungu. Juu kule alikuwa amebaki Bihogo peke yake, anatafuna, hana habari na sisi. Papa akaweka kofia kwenye majani, akaenda kwenye meza ya wakubwa, akaomba chumvi yao, akaanza kuwapokea ng'ombe mmoja mmoja kwa majina, mkono wazi, kama kwamba ni yeye aliyewaita.

Wakamchagua mtu wa Kingi. Papa akaitwa Papa Sanduku mpaka uzeeni, na kila aliposema jambo sokoni kulikuwa na mjinga wa kuuliza ni yeye anayesema au ni sanduku. Jioni ile kaka yangu mkubwa aliniuliza nilikuwa wapi siku ile mwito uliponaswa.

“Miye? Nilikuwa mutoni.”

Hapo ndipo kukana kulipoanza. Fundisho nililipata mapema, nalo sijaliacha: siiti mtu bure. Hata mwanafunzi nikimwita ofisini kumwambia kazi yake ni mbaya, anakuta chai. Lakini fundisho si kukiri, na hayo mawili nilikuwa nayachanganya kwa makusudi.

Papa sasa anakaa kwangu, Bukavu, kwa ajili ya macho yake. Mwezi uliopita, Jumapili baada ya kula, simu ya nyumbani (inalia mara mbili kwa mwaka, na mara moja ni makosa) ikalia. Nikasikia Kiswahili cha porini, cha kanisani na cha gereji.

“Ni Bwana Masauti. Dada yangu alitafuta namba. Papa Kabera iko hai?”

Alikuwa ameacha kazi, alisema, koo limechoka. Miaka yote ile kila walipompa mzee wa kusemea, mfalme, babu, dubu mwenye busara, hata yule mzee wa tangazo la kahawa, alimfanya kwa sauti ya Papa. Watoto wa Amerika wamelala na sauti ile. “Imenilisha,” akasema, “na miye nilimuharibia siku yake. Ninataka kuomba musamaha.”

“Ni nani?” Papa akauliza kutoka kitini.

Ningeweza kusema amelala. Neno lilikuwa tayari mdomoni, na lilikuwa lina uzoefu. Nikampa simu.

Hata pale nilipokuwa nimesimama nilisikia: yule mzee, ng'ambo ya bahari, akaita. Alianzia chini, akapanda, akakata ghafla, akaanza majina. Papa alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama, kama anavyosikiliza tumbo la ng'ombe mgonjwa.

“Ni muzuri,” akasema. “Lakini ile haiko miye. Ile ni huyu mutoto wangu, kichwa ndani ya cansi.”

Nilikaa chini.

“Bihogo hakushuka,” akamweleza. “Wengine ni wajinga, lakini Bihogo alikuwa ananijua.”

“Papa,” nikasema, “ulijua? Na hukusema?”

Akafunika simu kwa kiganja, kwa adabu, asimsikilizishe mgeni mambo ya nyumba. “Ningesema nani? Ulikuwa unasoma kwa misioni. Mutoto mwanamuke akiitwa mwongo kule, masomo imeisha. Kofia ni kofia tu.” Akafikiri kidogo. “Mama yako alisugua ile cansi siku mbili.”

Halafu akarudi kwenye simu. “Ngoja. Usikate. Nitakupa ile yenyewe.” Na kwangu: “Lete chumvi kwanza.”

Nikamletea kutoka jikoni. Akaimimina kiganjani, akanyoosha mkono mbele yake, akavuta pumzi, akaita. Ilikuwa nyembamba sasa, na katikati ilitetemeka. Aliita majina yao wote, waliokufa zamani, na baada ya la mwisho akaongeza langu.

Nilikuwa nimekaa upande wa pili wa meza. Sikumbuki jinsi nilivyofika mbele ya mkono wake.