Zoezi Langu Lilipogeuka Unabii

Hadi leo nikipita Porte de Namur, hapa Brussels, Jumapili mchana huwa navuka barabara, si kwa kumwogopa mtu, bali kwa sababu kina mama wa kanisa letu husimama pale wakisubiri basi, na wakiniona hupaza sauti kwa furaha, "Papa Lugha! Papa Lugha!", na mimi, ambaye nikikosea herufi moja kwenye ujumbe wa simu naufuta wote na kuuandika upya, natamani ardhi ipasuke inimeze. Wamesimulia vya kutosha. Sasa nisimulie mwenyewe, mcheke mara moja yaishe.

Mjue kwanza kwamba najifunza Lushutsidi, mojawapo ya lugha za Wasalishi, wenyeji wa kule Marekani kaskazini-magharibi. (Msiniulize kwa nini kijana aliyezaliwa Lubumbashi na anayeishi Matonge, mtaa wa Wakongo wa hapa, anajifunza lugha hiyo. Mama ameuliza, dada ameuliza, na kila mmoja nimempa jibu tofauti.) Nilisikia rekodi moja mtandaoni, nikanasa, nikaanza peke yangu bila shule, hadi nikapata kundi la kujifunza mtandaoni. Kilichoninasa ni vitenzi. Sisi tukisema "ninakusaidia", yule anayesaidiwa amejibana katikati ya neno. Wao humweka mkiani, na kabla yake hutia kipande kidogo cha kuonyesha kwamba tendo linamfikia mtu. Nisaidie ni kwakhwats, na hilohilo huweza kuwa ananisaidia. Ninakusaidia ni kwakhwatsid chad. (Naandika kwa masikio ya Kiswahili, wenyewe wanisamehe.) Ukibadilisha mkia umebadilisha anayesaidiwa: mimi, wewe, sisi, ninyi. Yeye hana mkia kabisa, jambo ambalo lilinisumbua wiki nzima.

Sasa Jumatatu ilikuwa zamu yangu kuitaja mikia yote bila kuangalia popote, mbele ya kundi letu la mtandaoni na mwalimu wetu, mama mmoja mpole ambaye lugha hiyo ni ya bibi zake. Kukosea mbele yake niliona ni kama kumkanyagia kaburi. Lakini nyumbani sikuwa na mahali pa kujifunzia, kwa sababu dada yangu ana kichanga, na alishanipiga marufuku kutoa zile sauti za kooni ambazo Lushutsidi inazo tele. Ndipo Jumapili kanisani ukafika wakati wa maombi ya pamoja.

Kama hujawahi kusali na Wakongo, ni hivi: kila mtu husali kwa sauti yake, wote kwa pamoja, macho yamefumbwa, huyu analia, yule anaamuru pepo watoke, mpaka mchungaji aseme amina. Jirani yako hakusikii. Nikajiambia, hapa ndipo mahali pekee Brussels nzima ninapoweza kupaza sauti bila mtu kunigeukia. Uamuzi mdogo tu. Nikafumba macho, nikaanza na kusaidia.

Nikakosea kwenye "ninyi". Nikaanza upya. Nikakosea palepale, nikaanza tena, sasa kwa sauti zaidi, mkono ukipiga paja kufuata mapigo (ndivyo ninavyokariri), na mara ya mwisho mikia yote ikatoka safi, mmoja baada ya mwingine, nikasema "Oui!" kwa furaha na kufumbua macho.

Ukumbi ulikuwa kimya. Sijui ulikuwa kimya tangu lini. Watu wote walikuwa wamenigeukia.

"Alléluia!" Huyo alikuwa Maman Régine, aliyeketi nyuma yangu, mama wa Likasi anayeuza vitenge na anayejulikana na kila mtu kwa sauti yake na kwa goti lake bovu. "Mulisikia? Ile haiko Lingala, haiko Kifaransa. Ile ni lugha ya juu!"

Mchungaji wetu, Tonton Félix, akaja na maikrofoni.

"Bon. Kama kuko lugha, kuko na maana yake. Ndugu, unajua maana?"

Hapo ningesema hapana, mambo yakaisha. Lakini mimi nikiulizwa maana ya kitu ninachokijua hujibu, ni ugonjwa, siwezi kujizuia.

"Ananisaidia," nikasema, nikiipokea maikrofoni. "Anakusaidia. Anatusaidia. Anawasaidia."

Wee! Kinanda kikalia, ngoma zikaitikia, mtu nisiyemjua akanipangusa jasho kwa leso yake. Nami nimesimama pale nimechanganyikiwa, kwa sababu tafsiri yangu ilikuwa sahihi kabisa, sikuongeza neno wala kupunguza, na bado ilikuwa uongo. Au haikuwa? Nikaamua nikae kimya, nirudi nyumbani, kisha nihamie Uccle, kwenye nyumba zilizofichwa na miti, ambako hakuna anayesali kwa sauti.

Ndipo Maman Régine akaja mbele, akichechemea, ameshika migongo ya viti.

"Batu ya Mungu, minaomba alama mingi sana. Niende kwa opération mardi, ao nisiende? Leo amejibu! Anasema anatusaidia yeye mwenyewe. Alors kesho napigia docteur simu, abakie na kisu yake!"

Vigelegele. Mimi nikaliangalia lile goti. Huyu mama hupanda ngazi za kanisa kiubavu, kidato kimoja kimoja, sote tukimsubiri nyuma yake tukijifanya tunapiga soga. Na maikrofoni bado ilikuwa mkononi mwangu.

"Maman, hapana," nikasema. "Ile ni devoir."

"Eeh, devoir ya Mungu!"

"Devoir ya masomo ya kesho, maman. Iko kama examen. Nilikuwa narudilia verbes."

Kinanda kikakatika.

"Verbes," akasema Tonton Félix taratibu.

"Verbes, tonton. Na mikia yake."

Mpiga ngoma alicheka wa kwanza, kisha safu ya vijana, kisha ukumbi wote, watu wakaegemeana. Maman Régine hakucheka.

"Donc wakati batu banalilia Mungu, weye uko unafanya conjugaison?"

"Ndiyo, maman. Pardon, maman."

"Na ile neno, kweli inasema kusaidia? Haiko kitu ingine?"

"Kweli, maman. Ni kusaidia tu."

Akaegemea kiti, akanielekezea kidole.

"Bon. Docteur naye iko anasaidia. Nitaenda. Lakini weye mwenyewe utanipeleka. Na sac yangu utabeba."

Jumatatu niliboronga, palepale kwenye "ninyi". Nikalazimika kumweleza mwalimu kilichonitia kiwewe, akacheka mpaka akavua miwani, kisha akauliza, "Kwa hiyo nani alisaidiwa?"

Jumanne, ile mardi ya opération, nilibeba mfuko wa Maman Régine, mzito kama umejaa mawe, hadi hospitalini. Kabla hajaingizwa ndani alinishika kiganja.

"Nifundishe ile moja. Ile ya mimi."

"Kwakhwats."

Akaisema, na mara ya kwanza tu ikatoka, sauti za kooni na yote, safi kuliko mimi niliyehangaika nayo miezi. Akasukumwa ndani akiirudia kitandani, kwakhwats, kwakhwats, mpaka muuguzi akamuuliza ni lugha gani. Akamjibu kwa Kifaransa, bila aibu, kwamba ni ya juu.

Tonton Félix anashikilia kwamba Mungu hutumia hata devoir. Nimemwomba aache kunichanganya. Mimi nimeapa: mikia nitaikariri bustanini, hata mvua inyeshe, na kanisani nitasali kwa Kiswahili, polepole, jicho moja wazi. Maman Régine siku hizi anapanda ngazi akiwa ameutazama mlango, si kiubavu tena. Ila akinunua mihogo na mafuta, hasemi tena "njoo unibebee". Hunipigia simu, husema neno moja tu, hukata. Nami, kabla sijajiuliza kama amelitamka sawasawa, nakuwa nimeshavaa viatu.