Mteja Aliyerudisha Nyama

Watu wa Kitale wamenicheka vya kutosha, kwa hivyo nawe cheka sasa umalize, halafu unisikilize. Hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana, sijaonja hata tone la pombe. Mke wangu Nafula alikuwepo. Muulize.

Mimi si mtu wa kutishwa. Shule niliacha darasa la sita, nikauza mahindi ya kuchoma kando ya barabara ya Endebess, na leo nina hoteli mbili, moja Kitale na nyingine Bungoma, na zote zinajaa. Ile ya Kitale niliiwekea kitu ambacho hakuna mwenye hoteli mwingine alikuwa nacho: tangi la kioo refu kama jeneza, na ndani samaki mmoja wa kigeni wanayemwita oska. Mweusi, mnene, ana madoa ya rangi ya machungwa, na karibu na mkia ana duara kama jicho la pili. Huyo halishwi unga, anakula nyama. Wateja walimwita Mheshimiwa kwa sababu ya tumbo, na vile anavyokodolea watu macho bila kuwasalimia.

Nilimpa nyama ya ng'ombe asubuhi na jioni, kila siku ya Mungu. Kwa nini nisimpe? Mimi nikiwa mtoto nyama niliiona Krismasi. Basi mtu akisimama pale kwenye tangi nilimwambia, "Hapa kwangu hata samaki anakula nyama," halafu nacheka. Nilikuwa naipenda hiyo sentensi, bana.

Kisha Mheshimiwa akakataa chakula. Akavimba, akaanza kuelea upande kama chupa tupu. Watu waliokuwa wanatoka mpaka Chwele kuja kumwona sasa wakawa wanauliza atazikwa lini. Na mimi nilimpenda yule samaki, sikutaka afe. Nikamkatia nyama laini zaidi, ile steki ya wateja wenye magari. Akaitema.

Siku hiyo ikanyesha ile mvua ya Kitale, ya kuingia saa nane bila kubisha hodi. Stima ikapotea. Hoteli ilikuwa tupu, Nafula yuko jikoni. Akaingia mwanamume mnene mwenye koti jeusi, limelowa chepechepe, na nyuma kwenye pindo lina duara la rangi ya machungwa. Akaketi meza iliyo kando ya tangi. Sikushuku kitu. Nani hakuwa amelowa siku hiyo?

Nikamwekea ugali na nyama ya kukaanga. Akaisukuma.

"Jana hii. Juzi hii."

"Mzee, jana hukuwa hapa."

"Nilikuwepo."

Sasa sikiza vizuri. Sauti ilikuwa nzito, lakini matamshi ni ya mke wangu kabisa. Nafula ni wa Bungoma, r na l kwake ni ndugu. "Mafuta ya ng'ombe yanaganda tumboni mwangu," akasema, "kama sufulia ambayo haijaoshwa. Mimi sina joto kama wewe. Reta samaki."

Nikaenda jikoni nimekasirika. Nafula akanipa omena, dagaa wa ziwani, ile kavu ya sokoni. "Mpelekee tu, Baba Wekesa. Mteja ni mteja."

Yule akainusa. "Hii ni ya jua. Imejaa mchanga na chumvi. Nataka mbichi, ya balafu."

"Utatafuna barafu?"

"Iyeyushe kwa maji balidi, halafu hayo maji umwage. Ukishaiyeyusha usiiludishe kwenye fliza. Kesho unipe kamba wa bahalini, kesho kutwa nyungunyungu, siku moja uniache na njaa nipumzike. Kidogo kidogo. Ama huoni hili tumbo?"

Niambie, wewe ungevumilia? Nimebishana na wauza ng'ombe wa Chwele na sikushindwa, ati leo mtu anakuja kwa hoteli yangu kunipangia menyu. Nikamwuliza yeye ni nani hasa, nijue ninayemfukuza. Akanitazama. Hapo ndipo niligundua hajapepesa macho tangu aingie, hata mara moja. Mdomo unafunguka, unafungika. Kisha akasema, sasa kwa sauti yangu mimi, "Hapa kwangu hata samaki anakula nyama." Vile vile ninavyosema, mpaka kile kicheko.

Nikageukia tangi. Amini usiamini, lilikuwa tupu. Nikamgeukia yeye, kiti kinatiririka maji na hakuna mtu. Stima ikarudi, pampu ikaanza kutoa mapovu, na Mheshimiwa yuko mle ndani, amelala upande, ananitazama.

Nafula akatokea na chai ya mgeni. Akaangalia kiti, akaangalia tangi, akaangalia nyama ambayo haijaguswa.

"Si amekuambia?" akasema. "Samaki ya balafu. Mbona bado umesimama?"

Nikaenda Bungoma, kwa wale wanaoleta samaki wa ziwa kwenye barafu, nikaitisha omena mbichi.

"Mnapika nini, mzee?" muuzaji akaniuliza.

"Ni ya samaki."

"Samaki ananunuliwa samaki?" Akawaita wenzake waje wanione. Mimi, mwenye hoteli mbili.

Lakini Mheshimiwa alikula. Omena tatu, ya nne akaitema, ila alikula, na baada ya siku chache akasimama wima majini. Ungedhani tumemaliza. Wapi. Nusu ya friza niliyonunua kwa jasho langu sasa ni yake: pakiti za omena, za kamba, za minofu ya ngege, yaani tilapia, na kumbikumbi ambao Nafula anawagandisha mvua ikinyesha, wa kuonja tu, kwa sababu wana mafuta. Nikizembea, nikampa kitu kimoja siku mbili mfululizo, asubuhi nakuta kile kiti kimelowa. Nilihamisha tangi mpaka Bungoma nipate amani. Kiti cha Bungoma nacho kikalowa, na Nafula akaniambia mteja wangu alipita, anasema huku ni afadhali, kuna joto.

Nyama nayo Nafula ameniondolea hata mimi. Anasema amesikia vile inavyoganda.

Kwa hivyo wewe uliye na samaki wa kula nyama, usimpe kitu kimoja kila siku eti kwa sababu ni cha bei. Chunga pia unachojigamba mbele ya kioo, maana samaki hafungi macho, na masikio pia sijui kama anafunga. Na akiingia mtu amelowa, asiyepepesa, akarudisha sahani, usibishane naye kama mimi. Muulize tu kwa heshima jana alikula nini, halafu mpe kingine.