Niliukata mtini wa Bibi Rosalba nikidhani ni kuni

Wakuu, poleni na majukumu. Wale wa "hii chai" wekeni vikombe pembeni, haya yamenikuta mwenyewe hapa Buffalo.

Mimi ni Mrundi, nimekulia kambi ya wakimbizi Kigoma. Marekani tulianzia Louisville, nikabeba box warehouse mtaa wa Okolona mpaka mgongo ukagoma. Mama bado yuko kule. Mimi nikahamia Buffalo, West Side, nikapata kazi ya kuhudumia wazee majumbani.

Mzee wangu wa kwanza ni Bibi Rosalba, Mwitaliano, mjane wa miaka themanini na kitu, jirani na Grant Street.

Ukutani ana picha ya jumba. Wakuu, jumba! Ukoo wao ulilijenga karne nne nyuma, enzi wanauza hariri. Dari zimechorwa malaika. Bustani inashuka kwa ngazi hadi mtoni, na miti ya ua imepunguzwa ikanyooka kama ukuta. Milimau iko kwenye vyungu vikubwa, baridi ikija inaingizwa kwenye nyumba yake yenyewe.

Sisi kambini tulilala saba chumba kimoja, milimau ya watu ina nyumba!

Baadaye ukoo ukafilisika, jumba likauzwa. Bibi akiwa na miaka sita wakapanda meli kuja Marekani. Kila siku hufumba macho akanitajia ile miti, mmoja mmoja. Nisiwafiche, nilikuwa naona wivu.

Mwezi wa tatu nikaona uani kitu kimefungwa mablanketi na nailoni. Nikafungua. Mti mkavu, hauna hata jani.

Mtoto wa kambini akiona mti mkavu anaona kuni. Tulikuwa tunazitafuta kutwa nzima. Nikasema nimsafishie Bibi uwanja. Nikaukata, nikang'oa na kisiki, nikafunga mzigo safi kabisa.

Bibi akatoka na ndala kwenye baridi ile. Hakupiga kelele. Alisema tu, "That was my father's garden," yaani hiyo ndiyo ilikuwa bustani ya baba yangu.

Kumbe ulikuwa mtini, ule ule wa kwenye Biblia. Mama yake alitoka na kitawi chake kutoka bustani ya jumba, amekifunga kitambaa kibichi. Kila baridi hupukutika majani yote, nao waliuvisha usife. Katika mali yote ya ukoo, hicho tu ndicho kilichobaki.

Siku ile Bibi hakula. Nilitamani ardhi inimeze.

Nikampigia Mama nikitegemea anifariji. Akanifokea: "Kwani muhogo ulipandaje wewe? Kata kidogo uangalie. Kama kuna maziwa, chomeka!"

Nikakata. Maziwa yakatoka, ule utomvu mweupe.

Nikakatakata vijiti vya urefu wa kiganja, nikavichomeka kimshazari kwenye ndoo za udongo dirishani jikoni, vile vile tulivyopanda mihogo. Bibi alipita pale bila kuvitazama, wiki baada ya wiki.

Vingi vilioza. Vitatu vikachipua. Bibi akagusa kijani kile kwa kidole, akalia. Na mimi nikalia, tena kwa sauti.

Kimoja kiko kwake. Kimoja nilimpelekea mdogo wake anayeishi Columbus. Cha tatu akanipa mimi, eti nikakipande kwetu.

Kwetu wapi, wakuu? Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, kambi ikafungwa, sasa ni pori. Hatukutoka na hata punje ya harage.

Nikaendesha hadi Okolona kwa Mama. Akachimba shimo nyuma ya nyumba anayopanga, akakipanda, akashindilia kwa mguu. Halafu akasimama, akafumba macho, akaanza kunitajia: mihogo ilikuwa huku, maharage pale, migomba mitatu nyuma ya choo.

Tangu tufike nchi hii sijawahi kumsikia akilitaja shamba lake la kambini. Na mimi sikuwahi kumuuliza.

Nilichojifunza ndicho hicho. Nilikuwa nalipwa kusikiliza bustani ya mtu mwingine, ya mama yangu nilikuwa nimeisahau.

Mitini bado haijazaa. Bibi anaiulizia kila asubuhi.

Haya wa ughaibuni, nyuma ya nyumba yenu kulikuwa na mti gani? Andikeni hapa, nasoma zote.